Kinyota Mwanzoni mwa Neno: Wakutubi, Zana za Mtandaoni na Sarufi ya Kiswahili katika Maktaba za Uganda na Majirani Zake

Ikisiri

Wafanyakazi wa maktaba katika ukanda wetu wanafunzwa zana mpya za mtandaoni karibu kila mwaka, lakini maandishi ya Kiswahili yaliyomo katika maktaba zao yanaendelea kuwa magumu kupatikana. Makala hii inafafanua sababu moja ya hali hiyo ambayo haijazungumzwa vya kutosha: ustadi wa kutafuta unaofundishwa umejengwa juu ya umbo la maneno ya Kiingereza, ambayo hubadilika mwishoni, ilhali nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni. Maelezo yanatokana na yale ambayo mwandishi ameyashuhudia akiwa mshauri wa lugha katika mafunzo ya wakutubi nchini Uganda. Inapendekezwa kwamba sarufi ya Kiswahili ipewe nafasi ndani ya mafunzo hayo, na kwamba idara za Kiswahili zishiriki kuyaandaa.

Maneno makuu: wakutubi, utafutaji, viambishi awali, rekodi za maktaba, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Mshauri mmoja wa sera za kilimo alifika katika maktaba ya chuo kimoja nchini Uganda akitaka kujua ni maandishi gani ya Kiswahili yaliyopo kuhusu wakulima wadogo. Mkutubi kijana aliyekuwa zamuni alikuwa ametoka mafunzoni majuma mawili tu kabla ya siku hiyo. Aliandika neno mkulima katika kisanduku cha kutafutia, akabonyeza, na katalogi ikamletea kitabu kimoja. Alirudia kwa kuongeza kinyota mwishoni mwa neno, kama alivyofundishwa. Kikaja kitabu kilekile. Mgeni aliandika kitu katika daftari lake, akashukuru, akaenda zake.

Nilikuwa nimeketi meza ya pili. Mama mmoja, msaidizi wa maktaba anayekaribia kustaafu, alinisogelea akasema kwa sauti ya chini: "Daktari, vitabu tunavyo. Vingine nimevipanga rafuni kwa mikono yangu. Mashine ndiyo inayovificha." Tuliketi wote watatu, tukaandika wakulima, vikaja vingine. Tukaandika kilimo, vikaja vingine zaidi, na kimoja tu kati yake kilikuwa kimeonekana hapo awali. Mgeni alikwisha kuondoka.

Tukio hili ni dogo, lakini athari yake si ndogo. Uganda iliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia utekelezaji wake. Rwanda iliipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Kila uamuzi wa aina hiyo unafuatwa na swali la wapangaji wa bajeti: tuna nini tayari kwa Kiswahili, na tunahitaji kununua au kuandika nini? Jibu la swali hilo hutafutwa maktabani, na siku hizi hutafutwa kwa kompyuta. Mkutubi asipoweza kukionyesha kilichopo, ripoti itasema hakipo, na fedha zitagawanywa kwa kufuata ripoti.

2.0 Mafunzo yalikotoka na yalivyo

Mafunzo ya wakutubi katika zana za mtandaoni yana historia inayojulikana. Mwaka 2006, Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte na Kaunti ya Mecklenburg, huko North Carolina, Marekani, aliandaa mpango uliowataka wafanyakazi wafanye mambo 23 madogo mtandaoni, kila mmoja kwa mwendo wake: kufungua blogu, kuweka picha, kuhariri ukurasa wa wiki, na kadhalika. Hapakuwa na mwalimu aliyesimama mbele. Aliyemaliza alipewa zawadi ya kifaa kidogo cha kusikilizia muziki. Mpango huo uliachwa huru kunakiliwa, na maktaba za mabara mengine zikaunakili. Zana nyingi zilizotajwa humo zimekwisha kupitwa na wakati. Kilichobaki na thamani, kwa maoni yangu, ni ile ruhusa: mfanyakazi aliruhusiwa kucheza na zana wakati wa kazi, akakosea, akarudia.

Kwetu ruhusa hiyo ni adimu. Mafunzo niliyoyahudhuria yalifanywa kwa siku mbili au tatu katika ukumbi, mkufunzi akionyesha ukutani kwa projekta, washiriki wakinakili hatua katika madaftari. Mwishoni vilitolewa vyeti, zikapigwa picha. (Posho nayo ilijadiliwa kwa umakini ambao ningependa kuuona katika somo la utafutaji.) Baada ya hapo mfanyakazi hurudi kwenye meza yake na kukuta neno la siri la mfumo liko kwa mtu mmoja tu, naye yuko safarini. Mwezi mmoja ukipita bila kugusa kilichofundishwa, daftari ndilo linalokumbuka.

Ipo mifano bora zaidi barani. AfLIA, umoja wa vyama na taasisi za maktaba za Afrika wenye makao yake Accra, umeendesha kozi ya mtandaoni inayowafunza wakutubi kuhariri Wikipedia. Tangu mwaka 2016 pamekuwapo pia kampeni ya kimataifa inayomwomba kila mkutubi aongeze rejeleo moja katika makala ya Wikipedia. Zoezi hilo lina faida ya pekee kwetu, kwa kuwa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala nyingi zisizo na marejeleo ya vitabu vya Kiswahili, na vitabu hivyo vimo katika rafu zetu. Mkutubi anayetafuta rejeleo kwa Kiswahili hukutana mara moja na tatizo nililolieleza hapo juu, na hulikuta peke yake, bila mkufunzi wa kumpa jibu la haraka.

3.0 Neno linalobadilika mbele

Somo la kwanza katika takriban kila mafunzo ya utafutaji ni kinyota. Mshiriki huambiwa aandike sehemu ya kwanza ya neno na kumalizia kwa kinyota, kisha mfumo utaleta maneno yote yanayoanza hivyo. Mfano unaotolewa ni wa Kiingereza: teach*, nao huleta teacher, teachers na teaching kwa mpigo mmoja. Mfano huo ni sahihi kabisa kwa lugha ile. Maneno ya Kiingereza, kwa sehemu kubwa, huweka mabadiliko yake mkiani. Mantiki hiyohiyo ndiyo iliyo ndani ya mashine. Kanuni ya kupunguza maneno hadi shina iliyochapishwa na Martin Porter mwaka 1980, ambayo imekuwa mama wa kanuni nyingi za utafutaji, hufanya kazi kwa kuondoa viambishi tamati.

Sasa tuchukue ugonjwa. Mtafutaji akiandika ugonjwa*, hatapata magonjwa, wala mgonjwa, wala wagonjwa. Kilicho sawa katika maneno hayo kiko nyuma, na kinachobadilika kiko mbele, kwa sababu ngeli za Kiswahili huonyeshwa kwa viambishi awali. Mkutubi aliyefundishwa vyema kwa mifano ya Kiingereza anakuwa amefundishwa kukata neno upande usiofaa. Anachohitaji ni *gonjwa, yaani kinyota mwanzoni, na kwa amri hiyo moja maneno yote manne huja pamoja.

Koha, mfumo huria wa kuendeshea maktaba ulioanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambao sasa umeenea katika vyuo vingi vya ukanda wetu, unakubali kinyota mwanzoni mwa neno. Mifumo mingine hukataa, au hukubali baada ya fundi kubadilisha mipangilio. Koha pia ina mpangilio unaoweza kuwashwa ili mfumo wenyewe uongeze kinyota kila mara, lakini huongeza mwishoni. Upo mwingine wa kupunguza maneno hadi shina, na Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha ambazo zana hiyo inazihudumia. Katika mafunzo niliyoyaona, mipangilio yote miwili ilionyeshwa kama nyenzo za kumrahisishia msomaji kazi. Hakuna aliyesema inamrahisishia msomaji wa lugha gani.

Hata hivyo, itakuwa kosa kumwambia mkutubi ahamishe kinyota mbele na kuishia hapo. Katika siku ile ya mshauri wa kilimo, kijana wetu alielewa hoja upesi, akaandika *lim* ili apate mkulima, wakulima na kilimo kwa pamoja. Alivipata. Alipata pia mwalimu, elimu, mlima, ulimi, ulimwengu na Kilimanjaro. Tulicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa ndio mwanzo wa somo lenyewe. Mzizi -lim- ni mfupi, na sauti zake hujirudia katika maneno mengi yasiyohusiana nao, mengine ya asili ya Kiarabu, mengine ya Kibantu yenye mzizi tofauti. Kwa hiyo tulijaribu *kulima, ambayo hukamata mkulima, wakulima na ukulima, kisha tukaiunganisha na kilimo kwa kiunganishi cha "au". Orodha iliyokuja ilikuwa safi.

Kutokana na majaribio ya aina hiyo, inawezekana kuyaweka maneno katika makundi ambayo mkutubi anaweza kuyakumbuka. Kundi la kwanza ni la mizizi iliyo mirefu kiasi au yenye sauti zisizojirudia sana, kama -gonjwa. Mzizi -fug- ni mfupi lakini nao ni wa kundi hili, kwani *fug* huleta ufugaji, mfugaji, wafugaji na mifugo bila takataka nyingi. Kundi la pili ni la maneno ambayo kiambishi chake hubakiza herufi ya kushikia: mwanafunzi na wanafunzi hukamatwa na *anafunzi, kijiji na vijiji na *ijiji. Hapa mkutubi hatafuti mzizi wa kiisimu. Anatafuta kipande kirefu zaidi ambacho umoja na wingi wanakishiriki, na vitu hivyo viwili havilingani kila mara. Mwanaisimu atakayekuja kufundisha wakutubi inambidi akubali kuiweka kando taaluma yake kidogo katika hatua hii. Kundi la tatu ni la maneno ambayo kinyota hakifai kabisa. Chuo na vyuo hushiriki -uo peke yake, mwaka na miaka -aka, jino na meno -no. Kwa maneno hayo ni lazima kuandika umoja na wingi, ukiviunganisha kwa "au", hata kama inachosha.

Vitenzi ni suala jingine ambalo sitalipanua, kwa kuwa vichwa vya vitabu na maneno makuu huandikwa zaidi kwa nomino. Itoshe kusema kwamba neno kama walifundishwa hubeba mabadiliko pande zote mbili, na *fundish* ndiyo njia ya kulifikia pamoja na ufundishaji na mfundishaji.

Lipo jambo linalopaswa kutukera sisi watafiti wa lugha. Ujuzi wa kuifundisha mashine maumbo ya maneno ya Kiswahili haujaanza jana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kujenga mfumo wa uchanganuzi wa Kiswahili unaoitwa SALAMA, na mfumo huo hutambua ngeli, njeo na minyambuliko. Watafiti wamekuwa wakiutumia katika kuchunguza matini kwa miaka mingi. Ujuzi wa aina hiyo haujashuka hadi kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba zetu, na sababu yake si ya kiufundi tu. Wanaoandaa mafunzo ya wakutubi na wanaoandika makala kuhusu mofolojia ya Kiswahili hawaketi katika mikutano mimoja.

4.0 Rekodi inayodanganya kuhusu lugha yake

Kutafuta ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni namna kitabu kilivyoandikishwa siku kilipoingia. Rekodi ya maktaba inayofuata muundo wa MARC ina mahali pa msimbo wa lugha wenye herufi tatu, na kwa Kiswahili msimbo huo ni swa. Katika Koha, sehemu hiyo hujazwa na mfumo wenyewe kwa msimbo wa Kiingereza, eng, kama maktaba haikuweka vingine. Mwandikishaji mwenye rundo la vitabu mezani hupita hapo bila kuangalia. Matokeo yake ni kwamba msomaji anayechuja orodha kwa kuchagua "Kiswahili" hakioni kitabu cha Kiswahili ambacho rekodi yake inadai ni cha Kiingereza. Kosa hilo haliwezi kugunduliwa kwa kukitazama kitabu; kinachotakiwa ni kuifungua rekodi. Kulisahihisha kwa vitabu mia kadhaa kwa pamoja ni kazi ya nusu siku kwa anayejua zana ya kuhariri rekodi kwa mafungu, na zana hiyo imo ndani ya Koha tayari.

Kwa wenzetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo suala hili lina uzito zaidi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3 kinatofautisha Kiswahili cha Kongo, swc, na kile cha pwani na Tanzania, swh, ilhali MARC imezoea swa kwa vyote. Nisingependa maktaba zianze kuvitenga vitabu kwa misimbo hiyo bila mjadala wa wanalugha wa pande zote.

Alama ya ritifaa nayo huleta shida ambayo mtu hawezi kuidhania. Ng'ombe anaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, au kwa ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine huweza kuwa vitu viwili. Tasnifu iliyonakiliwa kichwa chake kutoka katika waraka wa mwanafunzi hubeba ritifaa iliyopinda, naye msomaji huandika iliyonyooka. Ufugaji wa ng'ombe unapotea kwa sababu ya alama moja.

Majina ya waandishi yanahitaji uamuzi wa makusudi. Shaaban Robert atafutwe chini ya Shaaban au chini ya Robert? Jibu lolote linafaa, ilmradi rekodi zote zifuate moja na jina la pili lielekeze kwa la kwanza. Nimeona maktaba moja ambamo vitabu vya mwandishi mmoja wa Zanzibar vilikuwa mahali patatu kwa tahajia tatu za jina lake.

Kisha kuna rafu yenyewe. Katika uainishaji wa Dewey, lugha ya Kiswahili ina nambari yake, 496.392, na baadhi ya maktaba huvirundika hapo vitabu vyote vilivyoandikwa kwa Kiswahili, hata kile cha kilimo ambacho mahali pake ni katika 630 pamoja na wenzake. Anayefanya hivyo hana nia mbaya. Anaamini kwamba Kiswahili ni mada, na imani hiyo ndiyo ambayo sera mpya inakusudia kuiondoa. Kosa la jamaa yake hutokea pale mwandikishaji asiyejiamini katika Kiswahili anapokipeleka kichwa cha kitabu kwenye mashine ya kutafsiri ili apate mada. Kusadikika ya Shaaban Robert ni riwaya kuhusu nchi ya kubuni; tafsiri ya neno hilo peke yake haiwezi kumwambia mtu hivyo.

5.0 Istilahi za mkufunzi

Nitapita hapa haraka, kwa kuwa tumelijadili jambo hili katika makongamano mengi. Mkufunzi kutoka Tanzania alisema nywila, washiriki wa Kampala wakatazamana. Alipobadilisha akasema neno la siri, kazi ikaendelea. Tarakilishi, ngamizi na kompyuta zilitajwa zote katika asubuhi moja. Msimamo wangu ni kwamba mafunzo si mahali pa kushindanisha istilahi: litumike neno linaloeleweka chumbani, na orodha ya maneno mbadala ichapishwe katika ukurasa mmoja. Uzito wa kweli uko katika lugha ya mifano. Mkufunzi anaweza kufundisha kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho na bado akawasaidia wakutubi, endapo maneno yanayotafutwa katika zoezi ni ya Kiswahili na yametoka katika katalogi ya maktaba ileile. Anaweza vilevile kufundisha kwa Kiswahili sanifu huku mifano yake yote ikiwa ya Kiingereza, na hilo nimelishuhudia.

6.0 Wanachoweza kufanya washauri wa sera na idara za Kiswahili

Hakuna kifaa kipya kinachohitaji kununuliwa. Chuo au wizara inapoandika hadidu za rejea za mafunzo ya wakutubi, inaweza kudai mambo machache: nusu siku ya zoezi la kutafuta kwa maneno ya Kiswahili, ukaguzi wa msimbo wa lugha katika rekodi za vitabu vya Kiswahili kabla ya mafunzo kumalizika, haki za kuingia katika mfumo kwa zaidi ya mtu mmoja, na saa moja kila juma, ndani ya muda wa kazi, kwa miezi mitatu baada ya ukumbi kufungwa. Hilo la mwisho ndilo lenye upinzani. Wakuu wa maktaba niliozungumza nao walikubali kutoa siku tatu kwa mkupuo bila shida, lakini saa moja ya kila juma iliwatia wasiwasi, eti meza ya huduma itabaki wazi.

Kwa wanaohifadhi tasnifu katika hazina za kidijitali, zikiwemo zile zinazotumia DSpace, ipo njia ya mkato inayompunguzia msomaji mzigo. Sehemu ya maneno makuu inaruhusu maneno mengi. Mwandikishaji aandike umoja na wingi, na dhana hiyohiyo kwa Kiingereza: mkulima, wakulima, kilimo, agriculture. Maneno manne badala ya moja humfikisha kwenye tasnifu hata yule asiyejua kinyota ni nini. Idara za Kiswahili zinaweza kumtaka mwanafunzi aandike maneno hayo mwenyewe kabla ya kuwasilisha nakala ya mwisho, na kumpa mwanafunzi wa mofolojia kazi ya kuandaa orodha ya maneno ya mada zinazoulizwa zaidi, kila neno na kipande chake kinachofaa kutafutiwa. Ni kazi ya muhula mmoja, na ni nadra sana kazi ya darasa la mofolojia kupata msomaji anayeingoja.

Nilirudi katika maktaba ile miezi michache baadaye. Kando ya kioo cha kompyuta ya meza ya huduma palikuwa pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wa yule mama: magonjwa, *gonjwa, mifugo, *fug*, wanafunzi, *anafunzi. Mbele ya neno kilimo alikuwa ameandika maumbo yote kwa urefu, na chini yake, kwa wino mwekundu, onyo la kutotumia *lim*. Aliniuliza kuhusu chuo na vyuo, na kama nimepata njia fupi. Nilimwambia bado, aandike yote mawili.